Nyegere wa Maguu

Siku Bwana Ildefonce alipokuja kutangaza mashindano, alisimama mbele ya wanafunzi wa Maguu akiwa bado ameshika funguo za gari lake, kama mtu asiye na nia ya kukaa. Alikuwa mnunuzi wa kahawa kutoka Mbinga mjini. Miaka ile ushirika ulikuwa umeyumba, serikali imeruhusu watu binafsi kununua, na malori yao yalikuwa yakipanda milima ya Umatengo kila msimu. La kwake ndilo lililotangulia kufika Maguu, na wakulima wengi walimheshimu kwa hilo.

"Nataka kurudisha shukrani kwa vijana," alisema. "Kila shule itabuni na kuunda gari dogo la mashindano linaloendeshwa kwa rimoti. Liundwe na wanafunzi wenyewe. Tutakutana mwezi wa nane Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwenye mchanga. Shule ya kwanza itapata jenereta. Ya pili na ya tatu zitapata vifaa vya maabara."

Akayatazama madarasa ya matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa nguvu za wazazi, na madirisha yasiyo na vioo. Akatabasamu.

"Najua ninyi wa shule za kutwa hamna hata soketi ya umeme. Njooni tu. Hata kushiriki ni jambo."

Ottilia Kinunda wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. "Shikamoo. Naomba kuuliza. Ni mchanga mkavu, au ule uliolowa karibu na maji?"

Wanafunzi wakaangua kicheko. Bwana Ildefonce naye akacheka. "Mchanga ni mchanga, binti."

Ottilia hakucheka. Mtu kuulizwa swali la maana akajibu kwa mzaha, hilo angeweza kulimeza. Lakini lile la kushiriki lilimkwama kooni, na hadi jioni lilikuwa bado liko palepale.

Timu ilikuwa ya watu watatu. Ottilia mwenyewe, Pankras, kijana mrefu wa darasa lake aliyekuwa akishinda likizo zote kwenye kibanda cha mjomba wake aliyekuwa fundi redio wa Ukata, na Lidia, Mnyasa wa Liuli, huko huko ziwani, aliyekuja kuishi kwa shangazi yake Maguu ili asome. Msimamizi wao alikuwa Mwalimu Goodluck wa fizikia, aliyepangiwa kazi huku kutoka Kilimanjaro, Mlutheri pekee pale kijijini. Mwalimu mkuu, Mwalimu Mansuetus, aliwaruhusu kutumia stoo ya majembe, mradi jioni wayapange majembe kama walivyoyakuta.

Pankras alikuja na gari la plastiki la kuchezea lililotoka kwenye mitumba. Lilikuwa limepasuka katikati, lakini rimoti yake ilikuwa nzima, na kile kidude cha ndani kinachopokea mawimbi kilikuwa kingali hai. Mota za kuendeshea wakazichomoa kwenye redio-kaseti mbili zilizokufa. Kwa meno ya saa ya ukutani iliyovunjika wakapunguza kasi ya zile mota ili wapate nguvu. Nyaya waliziunga kwa risasi ya kuyeyushwa, wakitumia msumari mnene uliopashwa moto kwenye jiko la mkaa. Fremu ikawa ya mianzi iliyopasuliwa, maana ni myepesi na haikatiki ovyo.

Kilichowashinda kwa muda mrefu ni kukata kona. Pankras alitaka matairi ya mbele yakunjwe kwa waya wa breki ya baiskeli, na kila alipojaribu, waya ulilegea. Siku moja Ottilia alichelewa kufika. Alikuwa amesimama njia ya Kitura akitazama katapila linalotengeneza barabara.

"Lile halikunji matairi," aliwaambia huku akihema. "Likitaka kwenda kushoto, upande wa kushoto unasimama, wa kulia unaendelea. Basi! Tuna mota mbili. Moja iende upande huu, nyingine upande ule. Kila kitufe cha rimoti kishike mota yake."

Pankras akaigeuzageuza ile rimoti. Kisha akatupa waya wa breki nje ya mlango.

Walipolijaribu kwa mara ya kwanza, gari liligonga ukuta wa stoo, likaendelea kuusukuma ukuta kana kwamba ukuta ndio wenye makosa. "Huyu ni nyegere," alisema Lidia. "Nyegere hata simba hampishi." Jina likabaki hapohapo.

Walileta mchanga wa mtoni kwa ndoo, wakatengeneza njia nyuma ya choo cha walimu. Nyegere alipita vizuri kwa matairi yaliyokatwa kwenye kandambili. Ottilia alikuwa amekwisha kufurahi, Lidia akapiga magoti, akausugua mchanga kwa vidole.

"Huu una udongo ndani," alisema. "Wa kwetu hauna kitu cha kushikia. Ukiukanyaga, unakukimbia."

"Amekwenda vizuri, Lidia. Unataka nini tena?" Ottilia aliuliza.

"Nataka tusiaibike kwetu."

Ottilia alinuna siku nzima, maana matairi yale alikuwa ameyakata yeye. Lakini Lidia alituma salamu kwa kaka yake, na baada ya wiki lori la samaki likapanda kutoka Liuli na gunia la mchanga mkavu juu ya magunia ya usipa, wale dagaa wa ziwani. Shangazi yake Lidia alicheka mpaka akashika mbavu. "Wenzenu wanaagiza usipa, ninyi mnaagiza mchanga!"

Kwenye mchanga ule Nyegere alijichimbia kaburi. Matairi yalizunguka, gari likashuka taratibu mpaka tumbo likalala chini. Walijaribu kupunguza uzito, wakajaribu kuongeza betri, likazidi kuzama. Aliyewaokoa ni Lidia tena. Alileta makopo ya maziwa ya unga, mapana kama kiganja, akayatoboa katikati, akayazungushia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vilivyokaa kama matuta ya shamba. Makopo hayakuchimba. Yalipita juu ya mchanga kama bata juu ya maji.

Ulikuwa msimu wa kuvuna kahawa, na baba yake Ottilia, Mzee Placidi, alihitaji kila mkono shambani.

"Kahawa ikiiva haimsubiri mtu," alimwambia bintiye.

"Nitachuma asubuhi yote Jumamosi, baba. Jioni tu uniache."

Mzee Placidi aliinua kichwa kutoka kwenye kikapu chake. "Hilo gari lenu litashinda?"

"Sijui, baba. Lakini halitakwama."

"Haya. Nenda jioni."

Walishuka Mbamba Bay juu ya lori la mahindi, Nyegere akiwa ndani ya katoni mapajani mwa Pankras. Kila kona ya mlima iliwaongezea joto. Masweta yakavuliwa moja moja, na ziwa lilipotokeza chini, pana na la buluu mpaka milima ya ng'ambo, Lidia akaanza kuwataja ndugu zake kwa majina utadhani anawaona. Walilala kwa mama mdogo wa Lidia, wakala ugali wa muhogo kwa samaki, na asubuhi walikuwa ufukweni kabla ya watu wengi.

Njia ya mashindano ilikuwa imewekewa vijiti vyenye vitambaa vyekundu. Ilikwenda moja kwa moja kwenye mchanga mkavu, ikazunguka mitumbwi miwili iliyopinduliwa, ikarudi. Shule tano zilikuwa zimefika. Wanafunzi wa shule moja ya bweni ya mjini walikuwa na gari jekundu linalong'aa, na nahodha wao alikuwa Steven, mtoto wa Bwana Ildefonce. Kila mwenye macho aliona kwamba lile gari halikuundwa na mwanafunzi yeyote. Lilitoka dukani Dar es Salaam likiwa kamili, wao wakabandika jina la shule tu.

Steven alilijaribu. Likafoka, likarusha mchanga nyuma, likazama hadi tumboni. Akalichomoa, akaliweka mbele kidogo, likazama tena. Watoto wa pale ufukweni wakapiga miluzi. Gari la shule ya pili likakwama kwenye kijiti cha kwanza. La tatu halikufika hata hapo. Pankras akaanza kufungua katoni, lakini Ottilia akamshika mkono. "Bado."

Bwana Ildefonce alikuwa amesimama na wageni wake chini ya turubai. Alinong'ona na wenzake wa kamati, kisha akachukua kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, kwa sababu ya upepo, mashindano yanahamia kwenye ghala pale juu. Kuna sakafu safi ya saruji. Washiriki wote wapande sasa."

Upepo ulikuwepo, lakini haukuweza hata kupeperusha kofia. Ottilia akaitazama katoni. Walikuwa wamewahi kumjaribu Nyegere kwenye saruji ya darasa: makopo yaliteleza na kugongana, na gari likatambaa kama mtoto anayejifunza kwenda.

Mwalimu Goodluck alikwenda kwenye turubai. Aliongea kwa heshima, mikono ameikunja nyuma. Walimwona akijibiwa kwa maneno mawili matatu, akarudi.

"Wamesema uamuzi ni wa kamati," alisema. "Sikilizeni. Kwenye saruji nasi tunaweza kuwa wa tatu. Mawili ya wenzetu ni mabovu, nimeyaona. Tukiwa wa tatu tunapata vifaa vya maabara. Ninawafundisha umeme kwa kuchora ubaoni. Mnajua ninavyovihitaji vile vifaa."

"Twende, Ottilia," alisema Pankras. "Mwalimu anasema kweli. Hatukutoka mbali hivi ili turudi mikono mitupu."

Ottilia alipanda mchanga mpaka kwenye turubai, akasimama mbele ya Bwana Ildefonce.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mbona hampandi?"

"Ulikuja shuleni kwetu ukasema tutashindana kwenye mchanga. Nilikuuliza ni mchanga gani. Ukaniambia mchanga ni mchanga. Sasa imekuwaje saruji?"

Wageni wakageuka. Bwana Ildefonce akashusha sauti. "Binti, magari hayawezi kwenda huku. Umeona mwenyewe."

"Nimeyaona ya wenzetu. La kwetu hujaliona."

"Mnataka tushindanishe gari moja?"

"Nataka tushindane mlivyosema. Anayekwama akwame."

"Sikiliza," alisema, na sasa sauti ilikuwa imepoteza utamu. "Nani analipia haya mashindano? Mimi. Kamati imeamua. Mkipanda, mnashiriki. Msipopanda, nafuta jina la shule yenu, na mwalimu mkuu wenu nitamweleza kwa nini."

"Futa," alisema Ottilia.

Alirudi kwa wenzake, akawaeleza. Pankras akajishika kichwa. "Umetufutisha! Hukutuuliza hata sisi!"

"Nawauliza sasa. Mkisema tupande, nitapanda niombe radhi. Lakini tukienda kule juu tumekubali kwamba wao wakishindwa, uwanja unahamishwa. Leo ni saruji. Kesho watahamisha nini?"

Wote wawili wakamtazama Lidia. Lidia alikuwa amechuchumaa, anafuta vumbi kwenye makopo kwa upindo wa sketi yake.

"Hapa ni kwetu," alisema. "Mimi siwezi kumbeba huyu kutoka Maguu, nikamfikisha kwenye mchanga wa kwetu, nikampitisha juu yake kama mzigo. Mwekeni chini."

Mwalimu Goodluck alitazama ghala, akatazama katoni. Akavua viatu, akavishika mkononi. "Basi mimi nitasimama kwenye mtumbwi wa mbali," alisema. "Mtu aone kama mmezunguka kweli."

Wageni walikuwa wakipanda ghalani, lakini watu wa Mbamba Bay hawakuondoka. Waliwaona wasichana wawili na kijana mmoja wakiweka chini kitu cha mianzi na makopo, wakasogea. Kina mama wenye beseni za samaki wakasimama. Mtu akauliza, "Hilo nalo ni gari?" Mwingine akajibu, "Ni jiko."

Ottilia akashika rimoti. Nyegere akatikisika, akaanza kwenda.

Hakwenda kasi. Mtu mzima angeweza kumfuata kwa kutembea haraka, na ndivyo umati ulivyofanya, ukiandamana naye pande zote mbili. Lakini alikwenda. Alikipita kijiti cha kwanza, akapita mashimo matatu ambayo gari jekundu lilijichimbia, akapanda kijilima cha mchanga na kushuka upande wa pili. Vicheko vikapungua. Kwenye mtumbwi wa kwanza Ottilia aliachia kitufe cha kushoto, Nyegere akageuka kama katapila. Watu wakapiga kelele.

Kwenye mtumbwi wa mbali mota ya kushoto ikakohoa, ikazima. Gari likaanza kuzunguka palepale kama kuku aliyechinjwa.

"Uungio umeachia!" Pankras alipiga yowe. "Nilijua tu ule uungio utaachia!"

"Usimguse!" Ottilia alimkemea. "Akiguswa hajafika."

Aliachia vitufe vyote, akasubiri. Akabonyeza cha kulia kidogo, akaachia, akabonyeza tena, mpaka gari likatikisika na ule waya uliolegea ukagusana. Mota ikaamka, ikafa, ikaamka. Kila ilipokufa alisimamisha yote, akaanza upya. Jasho lilimwingia machoni asipate mkono wa kulifuta. Lidia akamfuta kwa kiganja chenye mchanga. Njia ya kurudi ilikuwa ya kusuasua, mwendo wa mlevi, hatua mbele na robo pembeni. Hakuna aliyeondoka. Nyegere alipopita katikati ya vijiti viwili vya mwisho, kina mama walipiga vigelegele, na Pankras, aliyekuwa amekasirika, alikaa chini kwenye mchanga akalia bila kujificha.

Kelele zile zilifika ghalani. Wa kwanza kushuka alikuwa Steven, gari jekundu kwapani. Alikuwa amekwisha kushinda kule juu. Mkanda wa nailoni wa mshindi ulikuwa bado shingoni. Aliliweka gari lake mwanzo wa njia, akabonyeza rimoti. Likazama palepale.

"Steven!" baba yake aliita kutoka juu. "Rudi huku!"

Steven alilichomoa, akalikung'uta. Akamgeukia Ottilia. "Mnaweza kunionyesha hayo matairi?"

Lidia akampa kopo moja la akiba. Akaligeuza mikononi, akapitisha kidole juu ya matuta ya mpira.

"Baba," alisema kwa sauti ambayo wote walisikia, "hawa wameunda la kwao."

Bwana Ildefonce aliingia kwenye gari lake akafunga mlango. Zawadi ziligawiwa kule ghalani na mtu mwingine. Maguu hawakuitwa.

Jumatatu Mwalimu Mansuetus aliwaita ofisini. Alikuwa mtu mwema aliyechoka, mwenye shule iliyojengwa kwa michango na isiyomalizika.

"Bwana Ildefonce amenitumia ujumbe," alisema. "Yuko tayari kusahau. Ottilia akiomba radhi mbele ya shule, vifaa vya maabara tutapewa vilevile. Neno moja tu, mwanangu. Nisamehe. Linakugharimu nini?"

"Samahani, mwalimu. Kwako nitaomba radhi, maana nimekuletea matatizo. Kwake yeye siombi. Sikumkosea."

"Shule nzima ikose kwa ajili yako?"

Hilo lilimuuma kuliko lolote alilosikia Mbamba Bay. Alitazama chini. "Shule nzima ilimsikia akisema mchanga, mwalimu."

Mwalimu Mansuetus akawapa adhabu wote watatu: kuchimba ngoro, mashimo ya kulimia mteremkoni, kwenye shamba la shule hadi mwisho wa juma. Walikata nyasi, wakazipanga miraba, wakachimba mashimo katikati na kuzifukia, mteremko mzima, mpaka viganja vikapasuka. Wenzao wengine walipita wakawapa maji. Wengine walipita wakasema, "Asanteni kwa maabara," na Ottilia akaendelea kuchimba. Mwalimu Goodluck hakumlaumu hata mara moja, lakini aliendelea kuchora umeme ubaoni, na kila alipochora balbu, Ottilia aliangalia pembeni.

Vifaa havikuja.

Lakini lori la Bwana Ildefonce lilikuja, maana kahawa ilikuwa imekauka na magunia yamejaa. Lilisimama barabarani karibu na nyumba ya Mzee Placidi, kama miaka yote, na mwenyewe akashuka. Walisalimiana vizuri. Mama yake Ottilia, Tadea, akatoa kigoda.

"Mzee wangu, nimekuja kupakia," alisema Bwana Ildefonce.

"Karibu. Ila mwaka huu kahawa yangu ina mtu mwingine. Atakuja wiki ijayo."

"Nani? Anakupa bei gani? Nitaongeza."

"Siyo bei."

Bwana Ildefonce alitazama uani, akamwona Ottilia akigeuza kahawa juu ya mkeka. Akaelewa. "Mzee Placidi, usiniambie unachanganya biashara na mchezo wa watoto."

"Wewe ndiye uliyechanganya," alisema Mzee Placidi, bila kupandisha sauti. "Mimi mtu akinipa neno lake, nampelekea kahawa yangu. Neno lililohama kutoka ufukweni hadi ghalani, sijui kwenye mizani yangu litahamia wapi. Na ninyi wenyewe mlituambia ni soko huria. Nimekuwa huru."

Jirani wa chini alimpakilia. Wa juu alikataa. Wengine walikataa kwa sababu zao, na wengine walihitaji fedha siku ileile wakampa. Lori liliondoka na mzigo, ingawa turubai lilikuwa limelegea katikati.

Tadea alitoka jikoni. "Huyo mnunuzi mwingine, baba Ottilia, ni nani?"

"Sijampata bado," alisema Mzee Placidi, akachukua kofia yake na kwenda kumtafuta.